Likizo ya Istanbul na Kiapo cha Mama Zohra

Jumapili, 29 Septemba

Nisamehe, daftari. Najua. Mara ya mwisho kukuandikia Yunis alikuwa bado tumboni, na leo ana meno mawili na ameshaning'ata kwa yote mawili. Sikukusahau. Kila siku nilisema kesho, na kesho ikija inanikuta nimesinzia nimekaa, ziwa nje, taa inawaka. Basi nisamehe, tuendelee.

Habari kubwa: tunakwenda Istanbul! Sote! Likizo ya shule ya mwisho wa Oktoba, wiki nzima. Mimi na mume wangu Hatem, watoto wetu Sirin na Yunis, na wazee wa Hatem wawili, Mama Zohra na Baba Bashiri. Nimemwuliza Hatem hiyo ni likizo au ni kuhama. Akacheka. Yeye ana nafasi ya kucheka — wiki nzima yuko Susa anatengeneza mafriji ya hoteli, anarudi Ijumaa jioni kama mgeni, amenyolewa vizuri. Ninayekaa hapa Kairuani na wazee wake ni mimi.

Wote tunasema "likizo". Hakuna anayesema "Raja".

Raja ni dada yake Hatem. Alikwenda Istanbul kushona kwenye kiwanda cha nguo, akaolewa huko na Mturuki, Erdal, bila kumngoja mtu. Picha ya ndoa ilifika kwa simu wakati Mama ameshafuma mablanketi ya harusi, bado ncha tu. Mama akaapa mbele yetu sote: Wallahi, nyumba ya Raja sikanyagi! Nilikuwepo, Sirin mchanga begani, sinia ya chai mkononi, sijui niiweke wapi. Mwaka wa sita huu. Wana mtoto, Kenan, wa miaka minne, Mama hajamshika.

Baba huongea na Raja kwa video kila Jumapili. Mama naye kila Jumapili, saa hiyo hiyo, huchukua fagio na kufagia nyuma ya kiti cha Baba. Mahali pale pale. Kigae kile kimeshapauka.


Jumatano, 2 Oktoba

Picha ya pasipoti ya Yunis. Mpiga picha anataka mtoto atazame mbele, macho wazi, mdomo umefungwa, asionekane mkono wa mtu. Nikamwambia, kaka, ukimpata mtoto wa hivyo niuzie. Mwishowe Sirin alisimama nyuma ya kamera na kipande cha makrudhi, keki ya tende. Ikawezekana. Mwanangu ataingia Uturuki na sura ya mtu anayedai keki yake.

Jioni tulikaa kupanga. Baba alikuwa mkuu wa stesheni, amestaafu, anataka kuona stesheni ya zamani ya Istanbul tu. Mengine yote, anasema, ni kelele. Mama anataka mtaa wa tamthilia yake. Anatazama za Kituruki tangu Hatem hajaoa, anadai mji mzima anaujua. Hatem akamtumia ramani kwenye simu kutoka Susa. Mama akaweka kidole: "Hapa tusipange nyumba. Hapa ndipo yule mtu alipomsukuma shemeji yake ngazini."

"Mama, ile ni michezo ya kuigiza," nikasema.

"Ngazi zilikuwa za kweli."

Nikaulizwa na mimi, nataka kuona nini. Nikasema: kitanda. Walicheka sana. Walidhani natania.


Jumamosi, 5 Oktoba

Nyumba imepatikana! Vyumba vitatu, mashine ya kufulia, na iko mitaa miwili tu kutoka kwa Raja. Hilo la mwisho halikusemwa. Kilichosemwa ni "karibu na tramu".

Mama akavaa miwani, akatazama picha. Jiko lina matundu mangapi ya moto? Mito ni ya pamba au ya mpira? Halafu, polepole: "Na hapo karibu pana nini?"

"Tramu," Hatem akasema.

"Tramu," Baba akasema.

"Tramu," nikasema na mimi, Mungu anisamehe.

Akatutazama mmoja mmoja. "Sawa. Hiyo tramu isije ikanigongea mlango asubuhi ikasema nimekuletea mkate."

Lakini hakukataa! Nimeliona hilo. Hatem hakuliona, alikuwa anatafuta chaja.

Mchana Raja alinipigia. Analia kwamba mama yake atalala kwenye nyumba ya kukodi na yeye yupo. Nikamwambia ukweli: wifi, ukilazimisha hapandi ndege. Halafu akasema, "Nimeweka kiti."

"Kiti gani?"

"Nje ya mlango wangu, pale kwenye ngazi. Nimekishonea mto. Akija atakaa hapo, chai nitamletea hapo hapo. Hapo si ndani, au vipi wifi?"

Nikamwambia si ndani.

Nilipokata simu nikakunja nguo za watoto. Halafu nikazikunjua nikazikunja tena.


Alhamisi, 10 Oktoba

Vita vya mabegi vimeanza, na zimebaki wiki mbili!

Mama ameshaweka: mafuta ya zeituni, chupa za maji ya soda zilizojaa mafuta ya zeituni. Harisa, ile pilipili ya kusaga, kopo kubwa. Kuskusi ya ngano, ya kukausha mwenyewe juani. Na kile chungu chake cha ghorofa mbili — chini mchuzi, juu kuskusi inaiva kwa mvuke. Nimemwambia Mama, Waturuki nao wanakula. "Nimewaona wanavyokula," akasema. "Chai asubuhi, chai mchana, halafu wanasalitiana." Haya. Chungu kimeingia. Ndani ya chungu nimeingiza suti ya Baba, na ndani ya suti soksi za Yunis. Na mimi nimejifunza.

Baadaye akanikuta uani naanika. Akasimama tu. Akapapasa nepi moja kama anainunua.

"Mtoto wa miaka minne anavaa kiatu namba ngapi?"

"Mtoto gani, Mama?"

"Mtoto yeyote. Naulizia dunia."

Nikampa namba. Sikucheka. Nilitaka sana.


Jumatatu, 14 Oktoba

Mama hajala asubuhi. Tumbo, anasema. Mchana pia hakula. Nimempikia mchuzi mwepesi, ameutazama tu kama picha ya marehemu.

Yunis anaumwa fizi. Nimechoka mpaka nywele.


Jumanne, 15 Oktoba

Leo tena hakula! Uso umesinyaa. Nikasema Mama, twende kwa daktari, ndege si mchezo. "Daktari atanipa nini, mimi si mgonjwa." Basi umekasirika? "Kwa nini nikasirike?" Baba akanivuta pembeni: "Ni ile suti yangu. Alisema ni ya bwana harusi, nikamwambia ndiyo, nakwenda kutafuta mke wa Kituruki. Tangu hapo hali." Baba bwana. Utani wake ndio utakaomzika.

Lakini nina hofu. Akiugua hapandi ndege. Asipopanda sasa, kwa presha ile na magoti yale, atapanda lini? Raja kazini hapewi ruhusa, na Erdal hana pasipoti ya kuja. Ni safari hii. Hakuna nyingine ninayoiona.


Jumatano, 16 Oktoba

Nimejua!!

Magharibi niliingia jikoni kuchukua maziwa ya Yunis, sikuwasha taa. Mama amesimama dirishani, tende mkononi, maji mbele yake, anasikilizia adhana. Nikasimama. Adhana ikaita. Akala tende yake kwa taratibu zake zote, macho amefumba.

Nikasema, "Mama, unafunga? Ya nini, na Ramadhani ilishapita?"

Aliruka, nusura anipige na kikombe. Halafu akakaa. "Siku tatu," akasema. "Leo imetimia. Funga mlango."

Nikafunga.

"Niliapa. Si uliniona? Ulikuwa na sinia. Mtu akitaka kuvunja kiapo chake anafunga siku tatu, ndiyo kafara yake. Sasa nimefunga. Miguu yangu iko huru."

Nikambusu mkono, ananukia tende.

"Usimwambie Hatem, atatangaza. Usimwambie huyu mwenye suti. Na huyo wa huko, ole wako! Nataka nifike mlangoni nivue viatu, niingie. Basi. Bila maneno. Nimuone atakavyofanya uso."

Nikamwahidi. Na usingizi wangu wote umekwenda kwa furaha, mimi mwenye deni la usingizi la mwaka mzima.


Jumapili, 20 Oktoba

Siri ni nzito kuliko Yunis. Hatem alikuwa hapa tangu Ijumaa, anapanga mipango kwa sauti ya jambazi: "Tutamleta Raja kwenye nyumba ya kukodi siku ya pili, tuseme tumekutana sokoni." Nikawa naitikia, wazo zuri, mume wangu, wazo zuri sana.

Leo video. Baba kitini, Mama na fagio. Kenan akajitokeza kwenye simu, akasema kitu kirefu cha Kituruki. Raja akacheka, akaona haya: "Baba, anauliza kwa nini huyo bibi anafagia kila siku. Kwenu kuna vumbi sana?"

Fagio likasimama.

"Mwambie lipo," Mama akasema.

Kwa Baba, lakini. Kwa kisogo cha Baba. Upande wa pili Raja alitoka kwenye picha, tukabaki na Kenan na dari.


Alhamisi, 24 Oktoba

Mungu wangu. Keshokutwa alfajiri ndiyo ndege, na leo ndiyo tunaharibikiwa.

Baada ya Alasiri Mama alikwenda msikitini kumwuliza Sheikh Tijani habari ya kuswali ndani ya ndege. Kaenda amenyooka, karudi ameshika ukuta. Akaketi juu ya begi lililofungwa, na mtandio hajavua.

"Nimefunga bure."

"Bure vipi, Mama?"

Ilikuwa hivi. Kwa furaha alimgusia Sheikh kwamba ameshalipa kafara ya kiapo chake, siku tatu. Sheikh akamwuliza, Hajati, kwani ulishindwa kulisha? Maana kwanza ni kulisha maskini kumi. Au kuwavisha. Kufunga ni kwa asiye na uwezo. "Na wewe," akamwambia, "kuskusi yako imejaa mpaka darini. Hata mimi nimeila."

Baba alikuwa mlangoni. Amesikia yote. Kwanza akaelewa kwamba mkewe amefunga siku tatu na si kwa ajili ya suti. Halafu akaelewa ni kwa ajili ya nini. Akageuka ukutani kidogo, akapenga kamasi. Alivyorudi alikuwa ameshajipanga: "Basi niandikeni mimi wa kwanza. Mstaafu wa reli ni maskini hata serikali inajua."

"Wewe nyamaza," Mama akasema. "Wewe ni kafara nyingine kabisa."

Nikampigia Hatem, ikabidi ajue sasa. Akapiga kelele ya furaha kazini mpaka nikasikia kitu kimeanguka. Akasema rahisi, atoe pesa kwa jumuiya ya hisani pale Susa, wawalishe watu kumi leo leo, na Sheikh alishamwambia Mama inafaa. Mama akataka simu. "Hapana. Mdomo ulioapa ni wangu, mkono utakaopika ni wangu. Nilishakosea kwa kufanya la haraka." Akanirudishia simu. Halafu, kwa sauti ndogo: "Hamna muda. Nendeni nyinyi. Mimi nitabaki na nyumba."

Hapo nikavaa ile sauti ninayomvalia Sirin akikataa kuoga.

"Mama. Raja ameweka kiti nje ya mlango wake."

"Kiti?"

"Kwenye ngazi. Kwa ajili yako. Ukanywe chai hapo, usivunje kiapo. Amekishonea na mto."

Nilimwahidi nani nisiseme? Hakuna. Na kama niliahidi, nimevunja, wakanilishie kumi wangu.

Yunis akatambaa, akamshika Mama goti. "Ngazini," akasema. "Mwanangu anipe chai ngazini, kama fundi wa bomba." Akasimama. Akavua mtandio. "Olfa. Fungua hilo begi. Toa chungu."


Ijumaa, 25 Oktoba

Naandika nimesimama, karatasi juu ya friji, Yunis kiunoni. Tunaondoka hapa saa sita usiku kwenda Tunis uwanjani. Kabla ya hapo watu kumi wale washibe. Sheikh amesisitiza: washibe, na wawe wahitaji kweli, si shoga zako Hajati.

Jambo ambalo hatukulifikiria: nani anakubali kuitwa maskini?

Asubuhi Mama alianza na jirani, Bi Saluha, mjane, wanawe hawamtazami. Alimwalika vizuri. Lakini Mama hajui kuficha, akamwambia na sababu. Bi Saluha akajinyoosha: "Kumbe mimi kwako ni maskini, Zohra? Mwaka wa thelathini tunaazimana ungo, leo ndiyo naambiwa?" Akafunga mlango. Baada ya muda kidogo akatuma sahani ya makrudhi, iliyojaa, kuonyesha. Mama ameila moja, kwa uchungu.

Halafu nikasikia sauti barabarani. "Maskiniii! Chakula buree!" Sirin! Juu ya kizingiti, viganja mdomoni, kama muuza samaki. Nilimvuta ndani kwa ukosi wa sweta. Nikamwambia mwanangu, watu hawaitwi hivyo. "Sasa wanaitwaje?" Nikamwambia wanaitwa wageni. Akafikiri. "Basi kwa nini Bibi anataka maskini, asichukue wageni?" Nikamtuma akamtafute dada wa mdoli wake.

Ila kelele yake ilifanya kazi. Mzee anayeokota chupa na punda wake alikuwa anapita, akasimama. Nikatoka mwenyewe, nikamwomba radhi kwa mtoto. Akasema hakuna kosa. Akauliza ni kuskusi ya nyama? Ya nyama. Akauliza, anaweza kuja na mke wake? Nikamwambia njoo naye, baba, njoo naye! Mama akatokea nyuma yangu, mikono ina unga, akamkaribisha kama balozi.

Kwa hiyo hao wawili. Sheikh ameahidi wawili, vijana wanaolala chumba cha nyuma ya msikiti. Yule bibi anayeuza kotimiri chini ya ukuta wa mji amekubali, na mjukuu wake, ila amesema yeye hali pilipili. Sita. Baba yuko mtaani na suti yake ya safari — ile ile iliyotoka chunguni, kwa kuwa nguo nyingine zote zimefungwa — anatafuta wengine, na kwa suti ile kila mtu anadhani ni mgombea, wanamkimbia.

Saa hii Mama yuko jikoni. Kakata vitunguu vyote, kapanga mboga, kalowesha dengu. Kavaa nguo za safari na aproni juu. Akawasha jiko. Moto ukapumua mara moja, ukafa. Gesi! Sikununua mtungi mpya, nikisema tunasafiri, wa nini. Alinitazama. Akakaa kwenye kigoda mbele ya chungu, mikono mapajani, kama mtu anayengoja treni ya Baba.

"Itafika," nikamwambia.

"Nini?"

"Gesi. Kila kitu."

Raja amepiga mara tatu. Sijapokea. Nikipokea nitasema.

Hatem ameandika: anaondoka Susa saa tisa, alete nini? Naandika hapa kwanza nisisahau, ndipo nimtumie.

Mtungi wa gesi. Uliojaa. Autikise kabla ya kulipa.

Bega la kondoo, jekundu. Kuku tulionao Mama amewakataa, kafara si ya kuku.

Boga, nusu. Na nyanya ya kopo, kubwa.

Chumvi. Chumvi! Nimemgawia Bi Saluha yote jana, nikijua hatutaihitaji.

Vijiko kumi na vitano, aviazime hotelini. Vyetu viko chini kabisa ya begi la Mama, na begi hilo silifungui tena hata kwa fatwa.

Nepi za Yunis, za usiku.

Na watu wanne. Wahitaji kweli, Sheikh atauliza. Wawe hawajala. Asiwaambie ni ya nini, awaambie mama yake anapika. Bega la kondoo likae kwenye buti, wao wakae vitini, kama wageni.